Chumvi ya Mzee Jivu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Jivu, na jina hilo hakulichukia, maana alilipata kwa jasho. Tangu enzi za baba yake, uani kwao kulisimama pipa la mbao lililotobolewa chini, limewekwa juu ya mawe na kujazwa majivu kutoka kwenye tanuri la mkate la jirani. Juu unamwaga maji ya kawaida; chini yanadondoka maji ya rangi ya chai, makali, yanayong'ata ulimi. Mzee Jivu aliyachanganya na chokaa, akayaacha yatulie, kisha akayapika pamoja na mafuta katika sufuria pana lililojaa masizi, mpaka uji ule ukaanza kuvuta kwenye mwiko. Mwishoni alitia chumvi kwa konzi, akakoroga, na sabuni ikapanda juu na kuyaacha maji machafu chini.

"Chumvi ya nini sasa?" watu walimuuliza.

"Baba alitia chumvi."

"Na yeye aliijuaje?"

"Alimkuta babu anatia."

Watu walicheka, kwa sababu Mzee Jivu hakuwa mtu wa kutia chumvi kwenye sabuni peke yake. Akikusimulia manyunyu ya jana, utaanza kutafuta mahali pa kuegesha safina.

Kwa miaka mingi sabuni yake ilifua mashuka na makoti ya mtaa ule bila mshindani. Ilikuwa laini, ya kahawia, ikauzwa kwenye makopo na kunukia moshi kidogo. Halafu mwisho wa barabara, nyuma ya ukuta mrefu, kikajengwa kiwanda cha kemikali. Mwanzoni kilitengeneza kostiki, yale magadi makali ya viwandani, na dawa ya kung'arisha nguo, na watu hawakujali. Baadaye kikaanza kutoa miche ya sabuni, migumu, myeupe, yenye povu la kumwagika. Wateja wa Mzee Jivu wakawa wanapita mlangoni kwake wakitazama upande wa pili wa barabara, kama watu waliodondosha kitu kule.

Mzee Jivu hakuwa na mtambo wala tangazo. Alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukuwa na pazia.

"Sabuni ile inakula ngozi," alisema kibarazani, huku rafiki yake Fundi Viatu akigonga misumari kwenye soli pembeni yake. "Namjua mtu alifua shati kwa mche mmoja wa kiwanda. Alipolianua, kwenye kamba vilikuwa vimebaki vifungo tu."

"Vifungo vilishikwa na nini, kama shati halipo?" Fundi Viatu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mambo ya kemikali hayo. Wewe gonga viatu."

Mzee Jivu na mkewe walikuwa na watoto kadhaa, wakubwa wao walikwisha oa na kuolewa mbali. Nyumbani alibaki binti wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Kitinda alisoma kwa bidii mpaka akahitimu, na siku alipopata kazi alirudi nyumbani mbio, akasimama mlangoni na kusema, "Baba, nimepata kazi maabara."

Hakuwahi kufika kwenye sentensi ya pili. Mzee Jivu alimkumbatia, akatoka nje na kandambili za mkewe, na kabla giza halijaingia mtaa wote ulikuwa na habari kwamba binti wa Mzee Jivu yuko hospitali, anapima damu. Wiki haijaisha, alikuwa amekaribia kuwa daktari.

"Mama, sikusema hospitali," Kitinda alinong'ona jikoni.

"Najua mwanangu. Umesema kiwandani?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Mama yake alifunika chungu, akafikiri. "Mwache afurahi kwanza. Akitulia tutamwambia."

Shida ni kwamba Mzee Jivu hakutulia. Kila jioni alimpokea binti yake kwa heshima, akamuuliza, "Wagonjwa wanaendeleaje?" na Kitinda akajibu, "Hatujapoteza mtu leo, baba," jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Miezi ikapita. Uongo ambao haukusemwa na mtu ukaota mizizi kuliko ule unaosemwa.

Aliyeutikisa alikuwa Fundi Viatu. Tumbo lilimsumbua, akajipeleka hospitali, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu akamwambia mtu wa dirishani kwamba yeye ni kama baba mdogo wa mpimaji wao. Mtu wa dirishani aliuliza ndani, akarudi akitikisa kichwa. Mpimaji wa namna hiyo hawakuwa naye, na hawakuwahi kuwa naye. Fundi Viatu akarudi mtaani na dawa ya tumbo mfukoni, na maneno mazito mdomoni.

Mzee Jivu aliyasikia. Watu waliomjua wangetegemea apige kelele, lakini yeye aliingiwa na huruma. Aliona wazi kilichotokea: mtoto amefukuzwa kazi, na kwa kuona aibu anavaa kila asubuhi na kwenda kushinda mahali, pengine kwenye benchi la bustani, mpaka jioni ifike. Basi akaanza kumliwaza kwa mbali. Chakulani alimsogezea mnofu mkubwa. Alimwambia, bila mtu kumuuliza, kwamba riziki ni kama ajali, huwezi kujua itakukuta barabara ipi. Asubuhi moja alimshika mkono mlangoni.

"Mwanangu, kazi si kila kitu. Binadamu ni zaidi ya kazi yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba," alisema Kitinda, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja.

Siku chache baadaye, wakati watu wanafungua maduka, upepo ulileta harufu kali kutoka upande wa kiwanda, kama ile ya dawa ya kusafishia choo lakini mara kumi yake. Macho yakawasha. Kengele ilisikika ikilia ndani ya ukuta. Akina mama wakawavuta watoto ndani na kufunga madirisha, Mama Mkate, yule jirani mwenye tanuri, akaacha mikate yake ndani ikaungua, na kabla watu hawajaamua wakimbilie wapi, harufu ikaisha. Hakuna aliyeumia, ila hasira ilibaki. Walikwenda kugonga geti. Kiwanda kikajibu kiungwana: bomba moja lilivuja kidogo na limekwisha zibwa, mtaa uchague watu wake waje wajionee na waulize wanachotaka.

Msemaji hakutafutwa. Wote walimgeukia Mzee Jivu.

Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nyuma yake walikuwa Fundi Viatu, Mama Mkate, na majirani wengine wasiopenda kupitwa. Mkewe alikataa kwenda. Alisema ana kazi nyingi, kisha akaketi dirishani kuwaangalia wanavyoondoka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mzee Jivu alidhani ni kikohozi.

Getini walipewa kofia ngumu na miwani. Ya Mama Mkate ilikalia juu ya kilemba chake kama kifuniko kisichoenea chungu. Mwenyeji wao alikuwa mhandisi kijana, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na akawapitisha kwanza kwenye ukumbi uliobandikwa picha ukutani.

"Nianze na habari za zamani," alisema, "ili tujue tumetoka wapi. Zamani watu waliokuwa wakipika sabuni, kutengeneza vioo na kung'arisha vitambaa walitegemea kitu kimoja. Majivu."

Mzee Jivu alikuwa amejiandaa kukatiza tangu neno la kwanza. Hilo la majivu lilimzuia.

"Majivu ya miti, na ya mimea ya ufukweni," mhandisi aliendelea. "Vitambaa vilipoongezeka, majivu hayakutosha. Misitu mizima ilikatwa ichomwe tu. Basi serikali moja huko mbali ikatangaza zawadi kwa atakayeweza kutengeneza magadi kutokana na chumvi. Daktari mmoja akaweza. Akafungua kiwanda."

"Akatajirika," alisema Fundi Viatu.

"Hapana. Yalitokea mapinduzi, wakamnyang'anya kiwanda. Zawadi yenyewe hakupewa. Alikufa maskini, na wengine ndio waliokula jasho lake."

Kundi zima liliguna kwa uchungu, kana kwamba daktari huyo alikuwa wa mtaa wa pili.

"Na njia yake ilikuwa chafu," mhandisi akaongeza. Akaonyesha picha ya mabomba ya moshi yaliyosongamana kama meno ya kitana. "Ilitoa moshi wa tindikali. Miti ilikauka, mazao yaliungua, meno ya wafanyakazi yalioza mdomoni. Wenye viwanda walirefusha mabomba, wakidhani wakiutuma moshi mbali yamekwisha. Wakawa wanaharibu mbali. Mpaka sheria ilipowabana ndipo wakaupitisha moshi kwenye maji, na hapo wakagundua kwamba kile walichokuwa wakikitupa hewani kingeweza kutengeneza dawa ya kung'arisha vitambaa."

Mzee Jivu alikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu ubaya wa viwanda. Sasa huyu kijana alikuwa anaisoma kabla yake. Ukienda kumpiga mtu ukamkuta anajipiga mwenyewe, unabaki na ngumi yako mkononi huna pa kuipeleka.

"Siku hizi," mhandisi alihitimisha, "tunatumia umeme. Twendeni nikamwachie mpimaji wetu awaelezee, yeye analijua hilo kwa vidole."

Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na chumba cheupe chenye meza ndefu, chupa zilizopangwa na ngoma ya mashine iliyosikika kwa mbali nyuma ya ukuta. Katikati, katika koti jeupe na miwani mikubwa usoni, alisimama Kitinda.

Wageni wa nyuma waligongana na waliokuwa mbele.

Kitinda alisukuma miwani juu ya pua. "Karibuni," alisema. "Mimi ni... mimi ndiye mpimaji wa hapa."

Mzee Jivu alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye kofia. Kwa wakati mmoja alifurahi kwamba binti hashindi kwenye benchi la bustani, na akatamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa msemaji, shati limepigwa pasi, na mtaa wote uko nyuma yake. Akakohoa.

"Ahsante, binti," alisema. "Umeanza lini kazi hapa?"

Kitinda alimtazama, akaona mchezo ulivyowekwa, akaupokea. "Mwaka sasa unaelekea kuisha, mzee wangu."

"Na wazazi wako wanajua?"

Mama Mkate aliinua uso akaanza kulichunguza dari kwa makini. Fundi Viatu aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Mama anajua. Baba nilimwambia nafanya kazi maabara, akanipeleka hospitali yeye mwenyewe."

"Labda hukumweleza vizuri."

"Labda. Ila baba yangu ni mtu wa furaha, mzee. Furaha yake ikishashika mteremko haina breki."

"Huyo baba yako," alisema Mzee Jivu polepole, "hafikiri kwamba kiwanda hiki kimempora wateja?"

"Anafikiri. Ndiyo maana niliogopa."

Mhandisi, ambaye alikuwa hajui lolote, aliingilia kwa adabu. "Samahani mzee, pengine maswali ya familia tuyaache mpaka baadaye?"

"Hapana kijana, haya yote ni ya kemia," alijibu Mzee Jivu. "Haya binti, tuonyeshe."

Kitinda alivuta chombo cha kioo chenye maji, kilichotiwa vijiti viwili vyeusi vilivyofungwa nyaya. "Haya ni maji ya chumvi tu. Chumvi ya kawaida, inakuja kwa malori. Nimetia na tone la dawa inayobadili rangi ikikuta maji makali. Sasa nawasha umeme kidogo."

Alibonyeza. Viputo vidogo vilianza kupanda kwenye vijiti. Kisha kuzunguka kijiti kimoja maji yalianza kubadilika, taratibu, yakawa na rangi ya waridi iliyotambaa kama wingu.

"Kwenye kijiti kile kingine inatoka klorini, ndiyo ile iliyowawasha macho. Hapa kidogo sana, na feni ile juu yangu inaivuta. Kule ndani tunaifunga kwenye mabomba. Upande huu inatoka haidrojeni. Na hapa penye waridi ndipo kostiki inapozaliwa. Maji makali."

Mzee Jivu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Bila moto?"

"Bila moto."

"Na majivu?"

"Hakuna majivu."

Alisahau kwamba amekasirika. Alisahau na msafara wake. Maisha yake yote maji makali yalitoka kwenye kitu kilichokwisha kuungua, na sasa yalikuwa yanajizalisha mbele yake kutoka kwenye kitu ambacho mkewe hutia kwenye mboga. Akafanya alichofanya kila asubuhi uani kwake: akanyoosha kidole achovye, aonje.

"Baba, acha!" Kitinda aliudaka mkono hewani.

Neno lilikwisha toka. Mhandisi alimtazama huyu, akamtazama yule, pua ile ile, kidevu kile kile. Mama Mkate ndiye aliyeanza kucheka, kofia ikamdondoka, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia mwenziwe. Hata mhandisi alilazimika kuvua miwani ajifute.

"Mimi naonja kila siku," Mzee Jivu alijitetea, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

"Ya kwako ni mapole, baba. Haya ya kwetu yangekuchubua ulimi, na wewe bila ulimi sijui tungekuita nani." Hakumwachia. "Sikiliza. Majivu yako yana magadi ya jamii nyingine, ndiyo maana sabuni yake inabaki laini. Ile chumvi unayotia mwishoni inafanya kazi mbili. Inaisukuma sabuni itoke kwenye maji, na inaibadilisha sehemu yake iwe ya jamii hii hii ya kiwanda, ndiyo maana inakazana kidogo."

"Ile chumvi?"

"Ile ile. Babu alikuwa anachukua kwa konzi kitu ambacho sisi tunakichukua kwa lori."

Mzee Jivu alitafuta kiti, akaletewa. Alikaa akiitazama ile rangi ya waridi. Alikuwa amekuja kumuumbua adui, na adui alikuwa anapika kwa chumvi kama babu yake.

Fundi Viatu ndiye aliyemkumbusha. "Msemaji, harufu je?"

"Ah." Mzee Jivu alisimama, akajinyoosha shati. "Mhandisi. Siku ile kengele ililia humu ndani. Ninyi mlijua maana yake. Sisi tulio nje tungejuaje? Mama Mkate alikuwa akimbilie upande gani?"

Mhandisi alivua kofia, akakuna kichwa. "Hilo hatukulifikiria," alisema. "Kengele tuliiweka kwa ajili ya wafanyakazi."

"Basi lifikirieni tukiwa hapa hapa."

Wakalifikiria wakiwa wamesimama, kila mtu akisema lake. Walipotoka walikuwa wamekubaliana kwamba kiwanda kitaweka king'ora cha nje, na kwamba watu watafundishwa kutazama upepo unaelekea wapi na kuukimbia kwa pembeni badala ya kwenda nao. Mama Mkate aliahidiwa pia kwamba mkate ulioungua utafidiwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajadai.

Jioni Mzee Jivu alikaa peke yake uani, karibu na pipa. Kitinda alimletea chai, akaketi kwenye jiwe.

"Umenikasirikia, baba?"

"Nimekasirika, ila sijapata pa kuanzia."

Ndani, mama alikuwa anapanga sahani kwa ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Si kiwanda kilichoniuma," alisema Mzee Jivu baadaye. "Kilichoniuma ni kwamba kila siku ulikuwa na jambo la kufurahia, nawe hukuweza kulileta nyumbani. Nilikuwa nakuuliza habari za wagonjwa, na wewe una ile rangi ya waridi kichwani."

Kitinda alizungusha kikombe mikononi. "Nililiogopa lile shati lililobaki vifungo."

Mzee Jivu alijaribu kubaki na uso wa baba aliyekosewa. Ulimshinda. Kicheko kilianzia tumboni, chai ikamwagika kwenye goti.

"Tena," Kitinda alisema, "wewe ndiye ulinipeleka kule. Nilipokuwa mdogo ulinibeba nione maji yanavyodondoka humu. Nikakuuliza kwa nini yanang'ata. Ukaniambia ndiyo tabia yake. Lile jibu halikunitosha mpaka leo."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Lote."

"Sawa," alisema Mzee Jivu. "Basi niambie. Kwa nini yanang'ata?"

Chakula kilipoa wakiwa bado nje, na mama yake Kitinda alikuja kuwaita mara mbili, kisha akakata tamaa na kuketi nao, akala peke yake kwenye sahani aliyoipakata, huku akisikiliza.

Kesho yake mtaa ulikusanyika kibarazani kusikia ripoti. Mzee Jivu aliitoa vizuri, kuanzia daktari aliyenyang'anywa kiwanda mpaka king'ora. Alipomaliza, jirani mmoja aliuliza, "Na lile shati je, Mzee?"

Watu walimtazama. Alikuna kidevu.

"Lile shati," alisema, "kusema kweli lilikuwa bovu tangu dukani."

Kwa muda mambo yaliendelea hivyo. King'ora kikawekwa, kikajaribiwa, na mbwa wote wa mtaa wakakijibu. Kitinda akawa anarudi jioni na kusimulia bila kuchagua maneno, na baba yake akawa na maswali mengi hivi kwamba binti alianza kuchelewa makusudi apumzike. Sabuni ya kopo ilibaki na wateja wachache wazee waliosema ya kiwanda haina harufu ya nyumbani. Mzee Jivu aliwapikia hao, si zaidi.

Ndipo mhandisi alipokuja mwenyewe, miguu yake mirefu ikihangaika kutafuta mahali pa kukaa kwenye kigoda. Kiwanda kilikuwa kinataka kutengeneza chumba cha historia. Picha walikuwa nazo, lakini vitu vya kushika hawakuwa navyo. Je, mzee angekubali kuwaazima lile pipa?

Mzee Jivu aliliangalia pipa, akamwangalia mhandisi. "Pipa haliendi bila mwenyewe."

Mhandisi alifikiri kwamba amekataliwa. Mke wa Mzee Jivu ndiye aliyemfafanulia kutoka jikoni. "Anasema mchukueni na yeye. Hakuna shida, mwanangu. Ila mkimchoka, msimrudishe kabla sijamaliza kazi zangu."

Hivyo ndivyo Mzee Jivu alivyoingia kiwandani kwa mlango wa mbele, kwa siku maalumu za wageni, akiwa na kofia yake mwenyewe iliyoandikwa jina. Pipa lilisimamishwa kwenye kona karibu na dirisha, likajazwa majivu ya Mama Mkate, na likadondosha maji kama lilivyofanya uani. Wageni walipenda kulitazama kuliko picha. Na walimpenda msimuliaji, ingawa historia mikononi mwake haikubaki ilivyokuwa. Daktari wa zamani alipata mama mkwe, mwanamke mkali aliyemwambia kila jioni kwamba chumvi ni ya kula, si ya kuchezea.

"Baba, hatujui kama alikuwa na mama mkwe wa namna hiyo," Kitinda alimnong'oneza siku moja.

"Mtu aliyeoa anakosaje mama mkwe?"

"Hakuna mahali palipoandikwa alichosema."

"Basi nitawaambia hayo ya mama mkwe ni yangu." Na kweli, tangu siku hiyo aliwaambia wageni wazi, "Hapa nimetia chumvi kidogo," nao wakacheka zaidi kuliko mwanzo.

Safari moja walikuja wanafunzi wa chuo cha ualimu, kundi kubwa, wenye maswali. Msichana mmoja wa mbele alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, wewe uliyefanya kazi na majivu, unaona ipi bora? Ya zamani au ya sasa?"

Mzee Jivu aligeuza kichwa. Nje ya dirisha, moshi mweupe wa mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye mnara na kupotea.

"Majivu yalikula misitu," alisema. "Ile njia ya daktari ikala mapafu na meno ya watu. Hii ya umeme ni safi kuliko hizo, lakini mmoja wenu akiniambia haili kitu, nitajua hapo anaongea mtu kama mimi nilivyokuwa. Kila mtambo una tumbo. Kazi ni kujua unakula nini, na kujua mapema, kabla ya majirani kuanza kukohoa."

"Na mtu anajuaje mapema?"

Mlango wa pembeni ulifunguliwa. Kitinda aliingia na trei ya vichupa vilivyojaa sampuli za asubuhi, akiishika kwa mikono miwili, akitafuta njia ya kupita kati ya watu.

"Kwa kupima," alisema Mzee Jivu, akawapungia wanafunzi wasogee. "Tafadhalini, mpisheni binti yangu apite, yuko kazini."

Wakasogea pande zote mbili. Kitinda alipita katikati yao, uso umemshika moto, trei haikutikisika, na baba yake akamsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa.